Bangi, mirungi, ketamini na vipokezi vya dopamini: maswali ninayoulizwa dirishani

Nafanya kazi kwenye dirisha la dawa hapa Kigoma, mwisho wa reli. Mtu anakuja na cheti cha ndugu yake "aliyevurugwa na bangi", anapokea haloperidol au chlorpromazine, anahesabu vidonge, halafu haondoki. Swali linakuja hapo. Haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, na majibu ni kama ninavyoyatoa foleni ikiwa fupi. Foleni ikiwa ndefu nasema "rudi saa tisa", na wengi wanarudi kweli.

Saikosisi ni nini? Ndiyo kichaa?

Ni hali ya mtu kupotewa na mpaka kati ya kilichomo kichwani mwake na kilichoko nje. Anasikia sauti ambazo waliokaa naye hawazisikii. Ana uhakika usiotikisika kwamba anafuatiliwa, au kwamba jirani anamsema ukutani. Maneno yanaruka kutoka jambo hili hadi lile. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni kama homa, ambayo inaweza kuletwa na mambo mengi. Skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, inaileta. Malaria kali inaweza kuleta kitu kinachofanana nayo. Na dawa kadhaa za kulevya zinaileta kwa mtu aliyekuwa mzima asubuhi, ndiyo maana huitwa dawa zinazoiga saikosisi. Mwaka 1958 daktari wa London, Philip Connell, alieleza habari za wagonjwa 42 waliopata saikosisi kwa kutumia amfetamini, dawa ya kuchangamsha, na kwa kuwatazama tu ilikuwa vigumu kuwatenganisha na wenye skizofrenia.

Neno "kichaa" silitumii dirishani. Mara nyingi mwenye ugonjwa amesimama hapo hapo nyuma ya mama yake, na masikio yake ni mazima.

Nimesoma kwamba dopamini ni homoni ya raha. Raha inamtiaje mtu wazimu?

Hiyo "homoni ya raha" imeenea mitandaoni lakini inapotosha. Dopamini ni kemikali ambayo seli moja ya ubongo inaitumia kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Sehemu kubwa ya ujumbe huo si "furahi", ni "angalia hapa, pana jambo".

Nenda Kibirizi jioni wakati mitumbwi ya dagaa inatoka. Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri, na dagaa wanakusanyika chini ya mwanga. Ziwa lote lipo, lakini kwa dagaa pale penye taa ndipo penye maana. Dopamini inafanya kazi hiyo ndani ya kichwa: inaangazia kitu kimoja kati ya elfu ili akili iende pale. Ukiona nyoka njiani, taa inawaka juu ya nyoka, mawe yanabaki gizani.

Sasa fikiria taa zinawaka juu ya kila kitu, ovyo. Mlango uliolia, bodaboda iliyopiga honi mara mbili, mtu aliyekohoa ulipopita. Kila kimoja kinasema "angalia hapa, pana jambo". Akili haikubali kukaa na maana isiyo na maelezo, kwa hiyo inatunga maelezo: wananifuatilia, wamenipangia, Mungu ananipa ishara. Kijana mmoja aliletwa na kaka zake wawili, amefungwa mikono kwa kamba ya wavu. Aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba taa ya duka la ng'ambo ilikuwa inapepesa kwa jina lake. Ile taa ilikuwa inapepesa kweli, waya wake ulikuwa umelegea. Macho yake yaliona sawasawa. Kilichozidi ni uzito wa kile alichokiona.

Kipokezi ni kitu gani, na kwa nini kila mara mnataja D2?

Tukae na mfano wa taa. Dopamini ikiwa ndiyo mwanga, kipokezi ni jicho. Ni protini iliyopachikwa kwenye ngozi ya seli, inayosubiri dopamini ifike iishike, kisha ibadilishe mwenendo wa seli ndani. Vipokezi vya dopamini viko vya aina tano, D1 hadi D5. D1 na D5 kwa ujumla huchochea seli. D2, D3 na D4 huipunguzia kasi.

D2 ilipata umaarufu kupitia dawa za hospitali. Chlorpromazine ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na watu walitulia, lakini hakuna aliyejua inafanya nini ndani. Miaka michache baadaye, mwaka 1957, Arvid Carlsson na wenzake kule Sweden waliwapa sungura dawa ya reserpine, inayokausha dopamini kwenye ubongo. Sungura wakalala kama magunia, masikio yameanguka. Wakawachoma L-DOPA, malighafi ya kutengenezea dopamini, na muda si mrefu sungura wakasimama. Ndipo watu walipoanza kuiona dopamini kama mjumbe anayejitegemea. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, pamoja na wenzake wawili.

Mwaka 1975 Philip Seeman na timu yake, Toronto, Kanada, walionyesha kitu ambacho bado kinanifurahisha. Swali linalofuata ndilo lenyewe, na liliulizwa na mama wa Ujiji ambaye hajawahi kusikia habari za Toronto.

Mwanangu, kwa nini kidonge cha 5 ni kikali kuliko cha 100?

Alikuwa ameshika haloperidol ya miligramu 5 mkono mmoja na chlorpromazine ya miligramu 100 mkono mwingine, akidhani nimemdanganya. Mama, namba ile ni uzito wa dawa, nguvu yake ni habari nyingine. Haloperidol inaing'ang'ania D2 kwa nguvu sana, kwa hiyo kidogo kinatosha. Chlorpromazine inashika kwa ulegevu, kwa hiyo inabidi iwe nyingi. Miligramu 2 hivi za haloperidol zinakaribia kazi ya miligramu 100 za chlorpromazine.

Seeman alizipanga dawa hizi moja baada ya nyingine. Upande mmoja aliweka dozi ambayo madaktari wanaitumia kwa mgonjwa, upande wa pili nguvu ya dawa kukishika kipokezi kile. Vikafuatana kama mabehewa: kadiri dawa inavyoshika zaidi, ndivyo dozi inavyokuwa ndogo. Kwa vipokezi vingine mpangilio huo haukuonekana. Basi ikajulikana kwamba dawa za saikosisi zinatibu kwa kuifunika D2, na swali likageuka: zile zinazoleta saikosisi, je, nazo zinapitia hapo hapo?

Kwa hiyo bangi na mirungi zinaigusa D2 moja kwa moja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kila moja ina mlango wake.

Amfetamini na methamfetamini zinaingia ndani ya ncha ya mshipa wa fahamu, zinaigeuza pampu inayorudisha dopamini ndani, na dopamini inamwagika nje. Mirungi ina kathinoni, ndugu wa amfetamini, nayo inafanya vivyo hivyo kwa nguvu ndogo. Kathinoni inaharibika jani likikauka, ndiyo sababu walaji wanataka majani mabichi, yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Kokeini haimwagi dopamini. Inaziba ile pampu, kwa hiyo iliyokwisha kutoka inakosa wa kuirudisha.

Bangi inazunguka. Kemikali yake kuu, THC, inakamata vipokezi vya CB1, ambavyo vimekaa pia juu ya seli zenye kazi ya kuzibana seli za dopamini. Mshika breki akilegea, gari linakwenda.

Ketamini haianzii kwa dopamini hata kidogo. Inaziba vipokezi vya NMDA, ambavyo ni vya glutamati, mjumbe mwingine wa ubongo. LSD, dawa ya maono, inaanzia kwenye vipokezi vya serotonini, mjumbe mwingine tena, vile vya 2A, ingawa hii kweli inaigusa na D2 yenyewe.

Unga, yaani heroini, nauacha nje. Unamlaza mtu na unamtesa kwa arosto, lakini saikosisi si tabia yake.

Kama milango ni tofauti, mbona wote wanaishia kuongea vitu vilevile?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

D2 haiko katika hali moja tu. Kuna wakati inaishika dopamini kwa ulegevu, na kuna wakati inaishika kwa nguvu, hata dopamini ikiwa chembe. Seli huibadilisha kati ya hali hizo mbili. Iliyo katika hali ya pili inaitwa D2 ya mshiko mkali, na ndiyo inayofanya kazi. Jicho ni lilelile, ila mboni imepanuka. Ukiamka usiku wa manane mtu akakumulika kwa tochi ndogo ya simu, inakuchoma machoni, na tochi hiyohiyo mchana usingeiona.

Mwaka 2005 Seeman na wenzake walikusanya ushahidi wa wanyama wa maabara uliotokana na njia nyingi. Panya waliozoeshwa amfetamini, waliopewa dawa za kundi la ketamini, walioumizwa ubongo wakiwa wachanga, hata waliozaliwa na jeni fulani zimezimwa. Idadi ya jumla ya D2 haikubadilika sana. Kilichopanda ni fungu la zile zenye mshiko mkali, likawa maradufu na zaidi. Wanyama haohao walikuwa wepesi kupagawa kwa dozi ndogo ya amfetamini. Barabara nyingi, kituo kimoja. Sisi wa mwisho wa reli hilo hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nikiri mpaka wake. Hizo ni bongo za panya. Kwa binadamu, picha zinazotumia chembe za mionzi hazijaonyesha waziwazi kwamba D2 ya mshiko mkali imezidi kwa wenye skizofrenia. Kilichoonekana kwa watu mara kwa mara ni upande wa taa yenyewe: ubongo wa mwenye saikosisi unatengeneza dopamini nyingi kupita kawaida, na ukichokozwa kwa amfetamini unamwaga zaidi kuliko wa mtu mwingine. Mimi naona yote mawili yanaelekea upande mmoja, lakini asikuambie mtu kwamba mjadala umefungwa.

Wenzake wanavuta msuba uleule na wako salama. Kwa nini yeye?

Kwa sababu macho hayalingani. Kuna anayezaliwa na D2 iliyo karibu kuchokozeka, kuna aliye na mjomba au bibi aliyewahi kuugua, kuna aliyeanza kuvuta akiwa na miaka kumi na mitatu wakati ubongo bado unajengwa. Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, na matokeo yakatoka mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia takribani mara sita ya ambao hawakuvuta. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi walikuwa na uwezekano unaokaribia mara tano wa kupata saikosisi.

Hata hivyo wavutaji wengi hawaugui. Ukimwambia kijana "bangi inamtia kila mtu wazimu", atawatazama wenzake kijiweni, ataona ni uongo, na hatakusikiliza tena hata ukisema kweli. Mwambie habari za mjomba wake.

Ameacha miezi mitatu sasa. Mbona sauti hazijaisha?

Saikosisi ya mirungi au amfetamini mara nyingi hutulia ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa dawa ikishatoka mwilini. Ikizidi mwezi, daktari anaanza kufikiria mambo mawili: ama kuna ugonjwa uliokuwa unakuja wenyewe na dawa ya kulevya ikaufungulia mlango, ama vipokezi vimebaki vikali. Uchokozeki huo unaweza kudumu muda mrefu. Ndiyo sababu mtu aliyewahi kuvurugwa anaweza kuvurugwa tena kwa kiasi ambacho zamani hakikumfanya chochote, wakati mwingine kwa kukosa usingizi tu usiku tatu mfululizo. Familia inasema "amevuta kidogo tu, haiwezi kuwa hiyo". Inaweza.

Walimchoma sindano ya haloperidol, shingo ikapinda na macho yakageuka juu. Walimpa sumu?

Shangazi yake alikuwa anatetemeka aliponieleza. Si sumu. D2 haziko sehemu moja ya ubongo. Ziko pia pale panapoongoza misuli. Kwa kawaida dawa inaanza kutuliza saikosisi ikifunika kama asilimia 65 ya D2. Ikipita karibu asilimia 80, misuli inaanza kukakamaa, mtu anatembea kama mzee, au hawezi kutulia kitini. Nafasi kati ya namba hizo mbili ni nyembamba, na kwa kijana wa kiume aliyechomwa dozi kubwa kwa mara ya kwanza, shingo kupinda si jambo la ajabu.

Rudi hospitalini muda huohuo, hasa koo likibana. Sindano ya promethazine inamfungua, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kinachonikera ni mgonjwa kuruhusiwa bila mtu kumwambia nduguze kwamba hili linaweza kutokea. Yule kijana familia ilimpeleka kwa mganga wa kienyeji kwa siku mbili, shingo ikiwa upande, kwa kosa la maneno mawili ambayo hayakusemwa.

Mke wangu alipasuliwa kwa ketamini, akaamka anaongea na marehemu baba yake. Atabaki hivyo?

Hapana, kaka. Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na kuruhusiwa Marekani mwaka 1970, na hospitali zetu zinaitegemea kwa sababu haimzimishi mgonjwa pumzi wala haimshushi presha kama nusukaputi nyingine. Bei yake ni maono wakati wa kuamka. Yanaisha ndani ya saa chache. Mweke pasipo na kelele, mtu anayemfahamu amshike mkono, asizingirwe na ndugu kumi. Kama amewahi kuugua saikosisi, mwambieni mtoa nusukaputi kabla, atachagua kingine au ataongeza diazepam.

Na mnanaha?

Huo ni mkasa mwingine kabisa. Mnanaha, yaani mmea wa datura, unaziba vipokezi vya mjumbe mwingine, asetilkolini, si dopamini. Mtu hana saikosisi, anaweweseka: hajui yuko wapi, anaokota vitu hewani, mdomo mkavu, mboni kubwa, ngozi ya moto, mkojo unagoma. Usimpe chlorpromazine ya jirani. Nayo inaziba asetilkolini, utamzidishia. Ni dharura, mkimbize.

Mnajuaje kama si malaria, au majini?

Malaria inapimwa kwa dakika kumi na tano, kwa hiyo ianze hiyo. Mkoa wetu na Tabora imo kwenye orodha ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mtu anayechanganyikiwa ghafla akiwa na homa ni wa malaria mpaka kipimo kikatae. Shingo ngumu na kichwa kuuma ni homa ya uti wa mgongo mpaka ikataliwe. Kuhusu majini sibishani na mtu dirishani. Ninachoomba ni kwamba anayesoma dua asome na vidonge viendelee, na asifungwe minyororo.

Kuna kipimo cha damu cha dopamini?

Cha kutambua saikosisi, hapana. Daktari anauliza na kusikiliza. Kwa hiyo mwambieni ukweli alichotumia. Anauliza ili achague dawa, na siri ya mgonjwa inabaki kwake.

Amepona. Nimwachishe vidonge?

Si kwa ghafla, na si bila daktari. Ubongo uliofunikwa D2 kwa miezi unajibu kwa kuvifanya vipokezi kuwa vikali zaidi, kama macho yaliyofungwa kitambaa. Ukikivua kwa mkupuo, mwanga wa kawaida unachoma, na ugonjwa unarudi kwa kishindo. Daktari akiona inafaa atapunguza kidogo kidogo, kwa wiki na miezi.

Yuko Kalya, sindano ya mwezi ilikuwa Jumatatu na boti haikuja. Tufanye nini?

Fluphenazine imechanganywa kwenye mafuta, inavuja polepole kutoka kwenye msuli, kwa hiyo haikatiki siku ileile. Wiki moja ya kuchelewa kwa kawaida haimwangushi mtu, lakini chukueni boti ya kwanza inayokuja, na msiombe achomwe mbili kufidia. Wakati mnasubiri angalieni usingizi wake: akianza kukesha, pigeni simu kituo alichochomwa, msingoje sauti zianze. Na kwenye kalenda ya ukutani msiandike siku ya sindano. Andikeni siku ya boti iliyo kabla yake.